Elpidius Bitesigirwe, Fundi Aliyeuliza Virusi Vimetoka Wapi

Marehemu Elpidius Bitesigirwe alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Septemba 1974 kijijini Bugene, wilaya ya Karagwe, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Nestory Bitesigirwe, ambaye ametangulia mbele ya haki, na Bi. Kokushubira, ambaye yupo hapa, amekaa mbele pamoja na wifi zake. Bi. Kokushubira husimulia kwamba siku hiyo alikuwa ameanika kahawa ya mwisho ya msimu, uchungu ukamkuta uwanjani, akaingia ndani akaiacha, na mvua ikainyeshea yote. Mzee Nestory aliporudi hakusema kitu juu ya kahawa. Alimpakata mtoto akasema huyu amekuja na mvua yake. Elpidius alibatizwa Jumapili ya tarehe 29 mwezi huohuo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1982 katika shule ya msingi ya kijijini kwao na kuhitimu la saba mwaka 1988. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mdogo wake Avelina, ambaye leo ni mwalimu na ndiye anayesoma maneno haya, anamkumbuka kwa jambo moja: alikuwa mtoto asiyeridhika na jibu. Akiambiwa mbuzi amekufa, aliuliza amekufa kwa nini. Akiambiwa ni ugonjwa, aliuliza ugonjwa umetoka wapi. Mzee Nestory alichoka naye, na mwaka 1989 akampeleka chuo cha ufundi cha kanisa, akasomea redio kwa miaka miwili. Huko, alisema mwenyewe, ndiko alikokutana na watu waliomjibu.

Kuanzia mwaka 1993 alifanya kazi chini ya fundi mmoja mjini Kayanga, na mwaka 1997 akahamia Nkwenda, akafungua kibanda chake mkabala na soko. Alianza na redio za mkulima, zile ndogo za betri, zikaja kaseti, zikaja simu, na mwishoni taa na betri za sola. Vipuri alivifuata Murongo, na vikikosekana alivuka ng'ambo, Uganda. Watu walimpenda na pia walimlalamikia, kwa sababu Fundi Elpidius hakurudisha chombo mpaka ajue ubovu ulitoka wapi. Redio ingeweza kuamka yenyewe mezani, ikaimba vizuri kabisa, na mwenyewe amesimama mlangoni ameinyooshea mikono, lakini yeye akamwambia, "Iache kwanza. Sijajua ilikuwa na nini."

Waumini wa parokia wanakumbuka sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa parokia, mwaka 2006. Katikati ya mahubiri vipaza sauti vilianza kupiga mluzi, mahubiri yakasimama. Elpidius alitoka kwenye benchi, akafungua mashine, akakuta sisimizi wamejenga ndani. Mtu mwingine angewakung'uta, misa ikaendelea. Yeye aliinama, akaufuata msururu wao ukutani, taratibu, kanisa zima likimtazama, mpaka sakristia, na huko akakuta kopo la asali ya paroko halikufungwa vizuri. Alitoka nalo mkononi akasema kwa sauti ambayo ilisikika bila kipaza sauti, "Wametoka huku." Paroko mwenyewe alicheka mpaka akaketi.

Tarehe 28 Julai 2001 alifunga ndoa takatifu na Edith Uwiduhaye, binti wa Mzee Hagenimana, wa familia iliyotoka Rwanda zamani ikajenga upande wa Murongo. Edith alikuwa ameleta redio ya baba yake kutengenezwa, na redio hiyo ilikaa kibandani wiki saba. Edith alipokuja mara ya tano alisema, "Fundi, kama huiwezi sema." Elpidius akajibu kwamba ilikwishapona tangu wiki ya kwanza. Ndugu wengine wa Bugene walinung'unika kuhusu kuoa kwa watu wa kuja, lakini Mzee Nestory kabla hajafariki alikuwa ameacha neno kwamba mtoto wake asipangiwe. Walibarikiwa watoto watatu: Evaresta mwaka 2002, Edgar mwaka 2005 na Donatha mwaka 2009.

Hapa wasifu wa kawaida ungesema kwamba marehemu alianza kusumbuliwa na afya na aliugua kwa muda. Elpidius alikataza kauli hiyo. Alitaka isemwe ilivyokuwa, na Edith ameridhia, na watoto wameridhia, na Bi. Kokushubira amesema kama mwanawe ametaka, basi na isemwe.

Aprili 2009 Edith alikwenda kliniki akiwa na mimba ya Donatha. Alipimwa, akakutwa na virusi vya UKIMWI. Siku ya pili Elpidius naye alipimwa, akakutwa navyo, na kinga yake ilikuwa imeshuka sana, chembe sabini na moja tu, kiasi kwamba mpimaji alimwuliza amefikaje pale kwa miguu. Walikaa kwenye benchi nje ya kliniki kwa muda mrefu. Edith ndiye aliyesema kwanza, "Baba Evaresta, kama unataka kuuliza, uliza sasa." Na yule mtu ambaye tangu utoto hakuna lililompita bila kuulizwa lilikotoka, akatikisa kichwa. "Tumevipata sisi wawili," alisema. "Basi." Hawakuulizana tena kwa miaka kumi na minne. Edith amemwambia Avelina kwamba katika maisha yao yote hakuna zawadi aliyopewa na mumewe iliyozidi kule kunyamaza.

Donatha alizaliwa salama, hana virusi. Evaresta na Edgar nao walipimwa, hawana. Wazazi walimeza dawa zao kila siku saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza redioni, kidonge cha baba na kidonge cha mama mezani karibu na kikombe kimoja cha maji. Elpidius alinenepa. Alirudi kupanda baiskeli, akalima kibanja, akaongeza migomba na kahawa, akawa mwenyekiti wa jumuiya. Kilipokuja kipimo cha wingi wa virusi, yeye alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, kwa sababu alipenda vipimo. Majibu yalirudi: virusi havionekani. Mwaka uliofuata, havionekani. Mwaka 2022 tena, havionekani, na aliyempa karatasi alimpongeza, akamwambia, "Wewe uko safi kabisa."

Huyo aliyesema hivyo alikuwa na nia njema. Alikuwa anamsifu mgonjwa kwa kumeza dawa bila kukosa. Lakini Elpidius alilichukua neno lile jinsi fundi anavyolichukua. Aliziweka zile karatasi tatu mezani kibandani, akazitazama. Amepima mara tatu, kwa miaka mitatu, kwa mashine, na ubovu haupo. Aprili mwaka huo wa 2022 aliacha kumeza dawa. Hakumwambia mtu. Kwa mkewe alisema amehamishia dozi yake asubuhi, anameza akiwa kazini. Kliniki aliendelea kwenda kila tarehe yake, akachukua makopo yake, na makopo hayo akayaweka chini ya meza ya kazi ndani ya boksi la spika mbovu.

Alijisikia vizuri. Hilo alilirudia mara nyingi baadaye, kama mtu anayejitetea mahakamani. Mwezi wa kwanza vizuri, wa pili vizuri, mwaka mzima vizuri. Machi 2023 alikwenda kutolewa damu kwa kipimo cha mwaka, na njiani, alisema, alikuwa anapanga jinsi atakavyowaambia watu wa kliniki kwamba yule mgonjwa wao amepona bila dawa. Majibu yalitoka na virusi elfu tisini na mbili.

Mshauri wa kliniki alimwuliza, "Mzee wangu, unameza?"

"Nameza," alisema Elpidius.

Mshauri alimwuliza tena mwezi uliofuata na mwezi mwingine, na jibu likawa lilelile. Kwa nini alidanganya, alimweleza Avelina akiwa kitandani. Alisema kukubali kwamba ameacha kungekuwa kukubali kwamba alikosea, na yeye hakuona alipokosea. Hesabu yake ilikuwa hivi: niliacha dawa nikiwa sina virusi, sasa ninavyo, kwa hiyo hivi ni vipya, na kama ni vipya vimeletwa. Na ndani ya nyumba yake kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuvileta.

Edith kwa miaka hiyo alikuwa akifanya biashara ya vitenge, Jumatano na Jumamosi yuko Murongo mpakani, anapanda bodaboda alfajiri, anarudi jioni. Elpidius alianza kumwuliza amekaa na nani, amepita wapi, dereva ni nani. Edith alidhani ni uchovu. Kisha siku moja wakiwa wanamenya ndizi za mchana jikoni alimwuliza lile ambalo walikubaliana wasiulizane.

"Umevitoa wapi?"

Edith aliweka kisu chini. Alisema, "Baba Evaresta, mimi majibu yangu umeyaona. Havionekani. Nitakupaje nisichokuwa nacho?"

"Dawa zako zinavificha," alisema Elpidius.

"Na zako?"

Edith aliomba waende kliniki pamoja, wakae mbele ya tabibu, waeleweshwe wote wawili. Aliomba mara tatu. Kila mara Elpidius alisema anakwenda, na siku ikifika ana kazi ya mtu inamsubiri. Edith hakujua ni kitu gani mumewe anaogopa tabibu akiulize.

Jumapili tarehe 18 Juni 2023 Elpidius aliitisha kikao cha ukoo nyumbani Bugene. Mbele ya wazee, mbele ya mama yake, alisema kwamba wao wawili wanaishi na virusi tangu 2009, kwamba yeye alikwishapona kwa vipimo vitatu, na kwamba mkewe amemletea vingine kutoka Murongo. Mzee mmoja alisema hayo ndiyo yaliyosemwa tangu mwanzo kuhusu watu wa kuja. Edith alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alitazama uso mmoja mmoja. Avelina alikuwepo kwenye kikao kile. Alikuwa na elimu ya kutosha kujua kwamba maneno yale hayana mantiki, na walimu wote walikuwa wamewahi kupewa semina ya mambo hayo, lakini hakusema neno. Anaomba hilo nalo liingie katika wasifu wa kaka yake, kwa kuwa ni sehemu ya yaliyompata. Kesho yake kaka yake Edith, Theoneste, alikuja na pikipiki mbili, wakapakia nguo za Edith, naye Edith akarudi kwao Murongo. Donatha alilia mpaka akapoteza sauti.

Baada ya hapo Elpidius hakukanyaga tena kliniki. Mhudumu wa jamii alimfuata mara mbili kibandani, akaambiwa na Elpidius mwenyewe kwamba mgonjwa huyo amehamia Karagwe. Alikonda mwaka ulipokuwa unaisha. Januari 2024 kichwa kilianza kumuuma, akameza za maumivu, kikatulia, kikarudi. Februari kilikuwa hakitulii tena, shingo imekaza, anatapika, mwanga unamchoma. Evaresta alimpigia shangazi yake simu akasema, "Shangazi, baba anafunga madirisha mchana."

Avelina alifika Nkwenda asubuhi ya Jumanne tarehe 20 Februari. Alimkuta kaka yake kitandani. Alikwenda kibandani kumchukulia sweta lake, na katika kutafuta akalivuta boksi la spika. Ndani mlikuwa na makopo ya dawa kumi na manne. Hata moja halikufunguliwa. Alirudi nalo moja mkononi.

"Kaka, hizi ni za nani?"

Elpidius alikuwa ameelekea ukutani. "Zangu."

"Mbona zimejaa?"

"Nilipona," alisema.

Siku hiyohiyo walimpeleka hospitali moja wilayani. Walimpima, wakakuta kinga imebaki chembe ishirini na tisa, na wakakuta fangasi wameingia kwenye utando wa ubongo. Walimlaza, wakamwekea dawa ya mshipa, na siku ya tatu wakamtoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano ili kupunguza mgandamizo kichwani. Baada ya sindano ile alipata nafuu ya ajabu. Aliketi, akaomba chai. Na akaomba aitiwe mtu anayejua habari za virusi, kwa sababu alikuwa na swali.

Aliyekuja ni tabibu Xaveri wa kliniki ya tiba na matunzo, ambaye leo yupo hapa msibani. Alivuta kiti. Elpidius alimweleza yote, Avelina akiwapo: karatasi tatu, boksi la spika, elfu tisini na mbili, kikao cha Bugene. Kisha akauliza, "Sasa tabibu, vimetoka wapi?"

"Havikutoka kokote, fundi. Vilikuwemo."

"Mashine ilisema havimo."

"Mashine ilisema haivioni kwenye damu." Tabibu alifikiri kidogo jinsi ya kumweleza. "Unajua mgomba ukishikwa na mnyauko, unaweza kuukata..."

"Usiniambie mambo ya migomba," Elpidius alisema. "Mimi ni fundi. Nieleze chombo kilivyo."

Ndipo tabibu akamweleza kilivyo. Alisema virusi vikiingia mwilini vinaingia ndani ya chembe za kinga, vinajipachika kwenye maandishi ya ndani kabisa ya chembe, yale ambayo chembe inayatumia kujua kazi yake. Chembe nyingi za namna hiyo zinakufa. Chache zinalala, na zinaweza kulala miaka kumi, ishirini. Ikiwa imelala haizalishi virusi, kwa hiyo dawa haina cha kuzuia ndani yake, na kipimo cha damu hakina cha kuona. Zimekaa kwenye matezi, kwenye kuta za utumbo, kwenye wengu, nyingine zinazunguka. Mara mojamoja chembe mojawapo inaamka. Mtu akiwa kwenye dawa, kinachotoka kinazuiwa palepale. Akiwa hana dawa kinasambaa, na mara nyingi hazipiti wiki nyingi damu inajaa.

"Wiki?" Elpidius aliuliza. "Mimi nilikaa mwaka mzima naona vizuri."

"Ulikuwa huoni, fundi. Kinga ilikuwa inaliwa kimyakimya."

Elpidius akauliza, "Kwangu viliamkia wapi? Kwenye matezi au tumboni?"

"Sijui."

"Kipimo gani kinaonyesha?"

"Sisi hapa hatuna. Na wenye mashine kubwa, wanaofanya utafiti, nao bado wanalitafuta. Wako wanaosema matezi, wako wanaosema utumbo, na huenda ni sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Hakuna atakayekuonyesha chembe fulani akakwambia ndiyo hii."

Avelina anasema hajawahi kuuona uso wa kaka yake namna ile. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka, vidole vinatafuta kitu cha kushika. Alisema, "Kwa hiyo siwezi kujua."

"Huwezi."

"Ila havikutoka kwa mtu."

"Majibu ya mke wako umeyaona mwenyewe," alisema tabibu. "Mtu anayemeza dawa, virusi havionekani katika damu yake, hamwambukizi mwenzake. Ulichokisema kule Bugene sina pa kukiweka."

Elpidius aliomba aanze dawa zake saa ileile. Tabibu aliinama. Alimweleza kwamba haiwezekani, kwamba fangasi wakiwa kichwani kinga ikiamshwa haraka inapigana nao ndani ya ubongo na mgonjwa anaweza kufa kabla ya siku zake. Lazima kwanza fangasi washughulikiwe, wiki nne, pengine sita, ndipo aanze. "Nina makopo kumi na manne," alisema Elpidius. "Yapo nyumbani. Hayajafunguliwa." Alilisema kwa kila muuguzi aliyeingia. Makopo yale yamerudishwa kliniki, na hakumeza hata kidonge kimoja.

Jumatatu tarehe 26 Februari Avelina alipanda bodaboda kwenda Murongo. Alimkuta Theoneste uani anatengeneza uzio, Edith anafua. Aliwasalimu, akaeleza, akalia. Theoneste aliacha kazi akasema, "Dada, mlimfukuza mchana, watu wamekaa. Unakuja kumchukua wewe peke yako?" Edith alisuuza nguo iliyokuwa mkononi, akaianika, akafuta mikono. "Wifi, nitakwenda," alisema. "Ni baba wa watoto wangu na ni mgonjwa. Lakini mtu asiniulize kama nimesamehe."

Alifika hospitali Jumanne. Wakati huo macho ya Elpidius yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akamjua kwa hatua. Alisema, "Mama Evaresta, havikutoka kwako." Edith alimjibu, "Kunywa uji." Alimnywesha uji, akamwosha miguu, akakaa. Kwa siku zote zilizobaki alimhudumia, na Avelina anashuhudia kwamba hakuna aliyemgeuza, kumlisha na kumpangusa kwa uangalifu kuliko yeye. Elpidius alirudia yaleyale asubuhi na jioni, na kila mara Edith alimjibu kwa jambo la kazi: geuka, kunywa, lala.

Theoneste alipokuja kumwona, Elpidius alimshika mkono akasema, "Shemeji, nikipona nitaita kikao tena, palepale." Theoneste alimjibu kwa upole, "Na usipopona?" Jumapili tarehe 3 Machi, macho yakiwa hayaoni tena, alimwambia Avelina achukue daftari. Aliyoyasema ni haya, na ameagiza yasomwe leo kabla ya jeneza kufungwa, mbele ya ukoo na mbele ya watu wa Murongo:

"Mimi Elpidius mwana wa Nestory niliacha dawa kwa akili yangu mwenyewe, nikaficha. Virusi vilivyorudi vilitoka ndani ya mwili wangu. Ni sehemu gani ya mwili sijui, na nimeambiwa hakuna ajuaye. Havikutoka kwa Edith. Niliyoyasema Bugene tarehe kumi na nane mwezi wa sita yalikuwa uongo, ingawa nilipoyasema niliyaamini. Waliomcheka Edith, waache kumcheka. Waliomwita mtu wa kuja, mimi ndiye niliyewapa nafasi. Nilitaka kusimama niyaseme kwa mdomo wangu, nimeshindwa. Edith ni mke wangu na nyumba ya Nkwenda ni yake."

Yalikuwa na sentensi moja zaidi mwishoni. Elpidius alikuwa amesema, "Naye amenisamehe." Avelina alipoyasoma kwa sauti ili yahakikiwe, Edith alisema kutoka dirishani, "Hiyo ya mwisho itoe. Sijasema." Elpidius akageuza kichwa upande wa sauti ile akasema, "Itoe." Avelina ameitoa.

Alifariki Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa nne na robo asubuhi, siku ya kumi na tisa tangu alazwe. Madaktari walikuwa wamemtoa maji ya uti wa mgongo mara tano. Siku ile ya mwisho hakuwa anasikia, au kama alisikia hakuonyesha. Edith alimwinamia sikioni akamwambia jambo, kwa Kinyarwanda, kwa muda wa kutosha. Muuguzi aliyekuwepo hakijui Kinyarwanda, na Avelina pia. Edith hajatueleza alisema nini na hakuna aliyemwuliza.

Marehemu ameacha mjane, Edith Uwiduhaye, mke wake wa ndoa, watoto watatu, Evaresta, Edgar na Donatha, mjukuu mmoja, mama yake mzazi, Bi. Kokushubira, na ndugu wanne, akiwemo Avelina. Kibandani ameacha redio sita za watu. Mbili zinafanya kazi, lakini zina karatasi kwa mwandiko wake kwamba hajajua zilikuwa na nini. Wenyewe waje wazichukue hivyohivyo.

Mungu mwenye rehema amlaze Elpidius panapo utulivu, na mama watoto wake amjalie siku za amani katika nyumba yake.